Mzee wa Kilemba Kwenye Madhabahu Yetu

Alhamisi, 23 Mei 2019

Nimeficha jambo hili miaka hamsini na minane: yule mzee wa kilemba kwenye madhabahu yetu ya mababu, ambaye wanangu humfukizia udi na kumwekea kuku kila mwaka, si babu yetu. Simjui! Picha niliipata kwenye duka la vikorokoro Hanoi nilipotaka kuoa. Baba mkwe alitaka ukoo wenye hakimu wa mfalme, nikampa hakimu. Niliposema mama yangu alikufa akinizaa — uongo vilevile.

Daktari amenipa mpaka majira ya baridi. Kwa hiyo mwanangu Khiem amenileta Ninh Binh nikaone mandhari. Mandhari! Hajui kwamba amenirudisha nyumbani.

Mji umejaa mbuzi. Kila mkahawa una mbuzi wa saruji mlangoni, na ndani ni nyama ya mbuzi na ukoko wa wali uliokaangwa. Sisi ukoko tuliukwangua chunguni kwa njaa. Leo Diep, mke wa Khiem, anaupiga picha. Meno yangu hayauwezi. Nimeumumunya kama mtoto mchanga, nikiwadharau wote.

Ijumaa, 24 Mei

Mtoni. Khiem na kofia yake mpya ya majani — uyoga mtupu. Diep anamtangazia kila mtu gatini kwamba mimi ni mwalimu, ukoo wa mahakimu. Mpunga umeiva kingo zote mbili. Milima ya chokaa ileile. Sikuitazama.

Mpiga kasia wetu ni Bi Nhai, miaka sitini hivi. Ameegemea nyuma, anasukuma makasia kwa miguu kama wote hapa, huku mikono inadarizi kitambaa. Mjukuu wangu Vy akamuuliza kwa nini hatumii mikono.

"Mikono ina kazi yake, mwanangu. Miguu nayo ile bure?"

Lakini anapiga vibaya. Mguu wa kulia unateleza, mtumbwi unakwenda upande kama bata mlevi. Nilivumilia hadi pango la kwanza. Kisha mdomo ukaniponyoka: "Kaza vidole! Sukuma kwa unyayo, si kwa kisigino!"

Akaacha kudarizi. "Babu wa Hanoi, kakufundisha nani?"

"Nimesoma kitabuni."

"Kitabu cha miguu!" Alicheka mpaka mtumbwi ukayumba. "Waliokuwa wakitukaripia hivyo ni wazee wa kijijini kwetu, nao wamekwisha."

Khiem akacheka pia, bwege yule. Vy hakucheka. Alikuwa anatazama miguu yangu. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya soksi — vinasukuma.

Jumamosi, 25 Mei

Asubuhi nimemwambia Vy siri yote, peke yake. Wale wawili wangelia kabla sijafika nusu.

Hakulia. Aliuliza tu: "Sasa Babu, mama yako anakula wapi?"

Mfu asiyewekewa chakula na mwanawe siku ya kifo chake hutangatanga na njaa. Hilo nimewafundisha mimi. Na miaka yote hii hakimu wa watu anashiba kuku wetu!

Tukaenda kwa Bi Nhai, Vy akinishika mkono. Khiem na Diep nyuma, wakifoka kuhusu dawa zangu. Nikataja jina la mama: Ngat, mfuga bata.

Bi Nhai akaweka sindano chini. "Bibi Ngat? Yule mwenye mwana mwalimu?" Akanitazama toka viatu hadi mvi. Dharau ile naijua, ni yangu. "Kaburi tunalifyeka sisi. Mama yangu ndiye aliyemzika, akamwandikia huyo mwana barua ya kumjulisha siku ya kifo. Naye Mama hayupo tena. Siku anayo mwana. Basi itaje, mwaka huu ale. Alikufa lini?"

"Mama gani, Baba?" Khiem yuko mlangoni, chupa ya dawa mkononi.

Naandika haya barazani kwake. Wengine wako ndani. Nimewaambia siku hiyo siijui. Barua ilifika shuleni nilikofundisha. Niliutambua mwandiko wa kijijini. Sikuifungua. Niliirudisha, na juu ya bahasha niliandika, kwa hati yangu nzuri ya ubaoni: Hajulikani hapa.