Nondo Mlangoni kwa Mama

Dada yangu mpenzi Vololona,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe, shemeji na watoto wote huko Toliara. Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala, na kwa hayo nashukuru. Mpunga mwaka huu umekubali kidogo. Mgongo umemwachia mume wangu Zafy, amerudi mabondeni na jembe lake na kelele zake. Binti yangu Ravaka amepanda darasa. Goti lako je? Mama huniuliza kila Jumapili tukitoka kanisani, kana kwamba nimelificha mfukoni.

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Leo nimesali kwanza. Tafadhali isome ukiwa umekaa, na shemeji awe karibu nawe.

Habari za moto ulizisikia. Wachunga ng'ombe walitaka majani mabichi, wakawasha bonde la chini, upepo ukageuka ukaupeleka kwenye kilima chetu cha mitapia. Miti yenyewe haikufa, unajua gome lake lilivyo nene. Lakini vifuko vya viwavi vilivyokuwa kwenye nyasi, hariri yetu yote, viliungua. Nilipanda na Mama kuokota vilivyosalia, tukarudi na mikono myeusi. Na kilima kizima kilinukia kama jiko letu siku ya kukaanga wale wadudu wa ndani ya kifuko. Harufu ile iliyokuwa ikitufanya tukimbilie sahani tulipokuwa watoto, Dada, safari hii ilinitapisha.

Kilichobaki ni lile kapu la chini ya kitanda cha Mama. Hujasahau desturi yake: anaweka vifuko vikubwa tu, vya majike, kwa sababu hataki ndugu wa kapu moja waoane. Jike akitoka, sasa nondo mwenye mabawa, Mama humfunga uzi kiunoni, akaufunga uzi kwenye mtapia ulio mlangoni, na dume hutoka mwenyewe mlimani. Sisi hapo hatunusi kitu. Dume, na yale manyoya yake mawili ya kichwani, ananusa akiwa ng'ambo ya kilima, anakuja moja kwa moja kama aliyeitwa jina.

Usilolijua ni kwamba tangu Tolotra alipotoka kwako akaenda machimboni, akanyamaza, Mama aliigeuza kazi hiyo kuwa sala. Alisema kama kiumbe asiye na sauti anasikika mpaka nyuma ya mlima, basi na mama anayemwita mwanawe atasikika. Nilimwonya kwamba mchungaji wa kanisa akijua atamkemea. Akanijibu kwamba aliyemfundisha nondo kuita bila mdomo ni Mungu, kwa hiyo mchungaji akamwulize Mungu. Na kila mwaka madume walikuja. Siku walizokuja, Mama alikuwa akiongeza kikombe kimoja cha mchele kwenye chungu, cha Tolotra, endapo atafika na njaa.

Mwaka huu jike wa kwanza alifungwa mvua za mwanzo ziliponyesha. Jioni akatetemesha mabawa, asubuhi tukamkuta peke yake. Jioni ya pili hivyo hivyo. Nondo hawa hawali, wamezaliwa hawana kinywa cha kulia. Kazi yao ni hiyo moja tu. Aliita mpaka akakauka kwenye uzi wake. Akafungwa wa pili, naye akakauka.

Mama akahamia kizingitini na shuka lake begani, akaacha kula. Nikimpelekea wali na maji moto ya ukoko anasema ataonja baadaye. Baadaye nakuta kuku wameonja. Pete ya Baba ikamtoka kidoleni yenyewe akiosha mikono. Aliniambia neno moja tu, "Bakoly, hakuna anayesikia," akageuza uso akatazama mlima.

Nikaona nitamzika kabla ya mavuno.

Alipotoka jike wa mwisho kapuni, nilivuka mto nikaenda kwa Neny Razanaka, upande ambao moto haukufika. Ulimi wake unaujua. "Haa! Siku hizi mpaka madume mnakuja kuazima? Kwani huyo Zafy wako ana kasoro gani?" Nikacheka ili nisilie. Akanitazama vizuri, akaacha mzaha, akanichagulia dume aliyetoka kwenye kifuko asubuhi ile ile, akamtia kwenye kikapu chenye kifuniko. Alitaka kunipa salamu nimpelekee Mama, nikamsihi asitume chochote.

Jioni, Mama alipokuwa ndani kwenye sala, nilifungua kikapu kando ya tawi alipofungwa jike. Dume hakuhitaji kuonyeshwa njia. Kulipokucha walikuwa wameshikamana.

Mama alitoka, akainama, akatazama muda mrefu sana. Kisha akaomba chakula. Alikula wali nusu sahani, Dada, na mboga. Zafy akaninong'oneza jikoni kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu hata ikiwa fupi, imemfikisha Mama kwenye sahani.

Siku hiyo hiyo akashusha mtambo wake wa kufumia kutoka darini. Akatoa hariri yote ya miaka iliyopita, ile aliyoiweka kwa ajili ya sanda yake mwenyewe, ambayo hata sisi tulikatazwa kuigusa. Nikadhani anamfumia Tolotra shuka la kumpokelea, na moyo ukaniuma kila mtambo ulipogonga. Kitambaa kikazidi kurefuka. Juzi nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza mbona ni kirefu hivyo, Tolotra si mrefu kiasi hicho.

Hakuinua macho. "Dume aliyeruka kutoka mbali hufika amechakaa. Mabawa yamechanika pembeni, unga umemtoka. Yule wako alikuwa mpya kabisa, hajaruka hata uwanja mmoja."

Nikakaa chini kando ya mtambo.

"Ungekuwa na matumaini, mwanangu, ungekaa kizingitini ukangoja na mimi. Usingeniletea dume." Akavuta uzi, akaukaza. "Amekufa lini?"

Dada, nimekuambia kwa mdomo wa Mama kwa kuwa wangu umeshindwa. Ndugu yetu hayupo tena. Kabla ya moto, mwenzake wa machimboni aitwaye Mahefa alinifuata nje ya kanisa, kofia mkononi. Shimo liliwaangukia. Yeye alivutwa akatoka, Tolotra alikuwa chini zaidi. Walichimba mpaka maji yakajaa, wenye shimo wakasema basi. Yumo humo mpaka leo. Nilimsihi Mahefa asifike kwa Mama, nikampa chakula, nikamwonyesha njia ya nyuma. Miezi yote hiyo nimeimba kwaya na jambo hili kifuani, nikimsikia Mama akimtaja kwenye sala pamoja na walio hai. Wewe pia nilikuficha. Nisamehe.

Mama hakulia. Aliuliza swali moja tu, kama mwanawe alifungwa kwa kitambaa chochote. Nikasema hapana. Akaitikia "Haya," akaendelea kufuma. Jike alitaga mayai kwenye gome kabla ya kufa, mengi, lakini Mama hajaenda kuyaangalia.

Sanda itakuwa tayari wakati wa baridi, kaburi la ukoo litakapofunguliwa ili wazee wetu wavishwe sanda mpya. Mwili hatuna, kwa hiyo Mama ameamua tufunge ndani yake nguo ya Tolotra, tumlaze ubavuni mwa Baba. Hapa hakuacha kitu, vyote alivitia kwenye begi. Lakini aliwahi kuniandikia kwamba joto la huko lilimfanya aache kwako ile sweta ya kijivu. Mwombe shemeji ruhusa, uje nayo.

Wabusu watoto, na shemeji mpe heshima zangu. Zafy na Ravaka wanakusalimu, na akina mama wa kwaya wanakutaja. Bwana akushike mkono unaposoma haya, maana mimi niko mbali.

Mama amejua ninamwandikia nani. Ameniita kutoka kwenye mtambo, anataka niongeze neno lake moja: hiyo sweta usiifue.

Ni mimi mdogo wako,
Bakoly