Joka la Kwenye Tangi

Mdogo wangu mpenzi,

Daktari amenikataza ngazi na chumvi, lakini vitabu hakuvitaja. Basi nimejiunga na shindano la usomaji la maktaba ya mtaa wetu: vitabu kumi vya majoka, wachawi na nchi zisizokuwepo, kila kimoja na kisanduku chake kwenye kadi. Mimi, mwalimu mstaafu wa hesabu.

"Ukimaliza, babu, unapewa beji," mkutubi aliniambia.

"Iandae mapema, mwanangu, nisije nikaivalia kaburini."

Nimejaza visanduku tisa. Cha mwisho kinasema: hadithi uliyowahi kuiacha katikati. Nikakukumbuka.

Lile daftari lako la kijani la hadithi halikuliwa na panya. Ulikuwa umefeli hesabu, nami nikalichukua nilichome jikoni. Kwanza nikalisoma, hadi pale msichana anapofunua tangi la maji alimoficha joka lake, akakuta tangi limekauka na joka halimo. Nikaona mkono wangu unataka kufungua ukurasa unaofuata. Niliona aibu, nikalitupa motoni. Ulilia, na mimi nikakusaidia kumtafuta panya. Hukuandika tena hadithi. Hilo nimelibeba miaka hamsini, na sitaki kuondoka nalo.

Usiponisamehe nitaelewa. Ila joka lilikwenda wapi? Mwaka huu nimesoma majoka mengi, hakuna lililonijibu. Niandikie mwisho wake, hata kwa hasira, na usichelewe sana. Kisanduku nimekiacha wazi.

Kaka yako,
yule panya