Nusu Kidonge

Wanangu, yale maneno ya jirani kwamba dawa za sukari zinakausha figo yalinikaa kichwani, nikawa nampa baba yenu nusu kidonge kwa siri. Asubuhi hii daktari ametusomea kipimo cha damu. Kreatinini imepanda, yaani ule uchafu ambao figo zilitakiwa kuuchuja. Nikaruka, "Lakini haumwi popote!" Akanijibu, "Figo zikianza kuharibika haziumi, mama. Damu ndiyo inayosema. Na kinachoziharibu ni sukari kupanda." Nikamwomba akisome tena kile kipimo. Baba yenu akacheka: "Kwani mgonjwa hapa nani, mimi au wewe?"

Hajui.

Nimerudi kwa daktari kumweleza ukweli. Chakula nimekifunika jikoni. Baba amelala, akila mpeni kidonge kizima kama kilivyoandikwa.

~~Msimwambie nilichofanya.~~ Nitamwambia mwenyewe jioni. Muwepo, naogopa.

Kuanzia leo humu ndani sitaki kuona:
– dawa za maumivu za kujinunulia, hata goti likimsumbua
– mizizi ya kuchemsha eti inasafisha figo
– chumvi ya kuongeza mezani
– soda
– kidonge kukatwa, hata kama ni mimi nimewaambia

Mama