Vipimo vya Wateja wa Shangazi Viko Wazi Mtandaoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na wanaonijua wakisikia nimeomba msaada watadhani naumwa, maana mtaani kwetu mimi ndiye ninayeombwa. Shule niliiacha njiani, au yenyewe ndiyo iliniacha, tusibishane, ila kompyuta inanisikia kuliko inavyowasikia wenye vyeti ukutani. Shangazi yangu ana karakana ya kushona suti na magauni ya harusi, na alipofungua tawi upande wa pili wa mji, mteja aliyepimwa huku akienda kule anapimwa upya, wanawake wakanuna, nani anapenda kuzungushiwa tepu kiunoni mara mbili? Nikamwambia, "Shangazi, niachie mimi." Nikakodi hifadhidata ya mtandaoni, ile wanayosema iko mawinguni, kumbe inakaa kwenye mitambo ya kampuni, wao wanatunza mashine na kuweka nakala za akiba, mimi napanga majedwali tu, la wateja, la vipimo, la oda, yote yameshikana, ukigusa jina la mteja kiuno chake kinakuja chenyewe. Sikutoka jasho. Fundi mkataji wa tawini, tunayemwita Sentimita, alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Sasa shida ni hii. Hifadhidata ilikuwa inakubali tu anwani za mtandao nilizoiandikia, na intaneti ya tawini ni ya simu, anwani yake inabadilika kila ikizimwa na kuwashwa, basi Sentimita akawa hanipi pumzi. "Bosi wa Mawingu, dude lako limenifungia nje tena, na bibi harusi amesimama hapa na mama mkwe wake, wananitazama mimi." Nikachoka, nikaingia kwenye mipangilio nikaruhusu anwani zote, za dunia nzima, na ili wasinisumbue kabisa nikawapa mafundi wote jina na nywila ya mkuu, ile yenye ruhusa ya kufanya lolote, hata kufuta. Simu zikakoma, nikajipongeza.

Juzi nimefungua kumbukumbu za mfumo nikakuta watu nisiowajua wanajaribu kuingia, wanabahatisha nywila bila kuchoka, kutoka nchi ambazo hata kuzitamka siwezi. Na huku shangazi anawaambia wateja, "Kiuno chako kiko salama, kaweka mtoto wa kaka yangu," na wiki hii ananipeleka kwenye mkutano wa mafundi cherehani wenzake ili nao niwawekee. Mshauri, nifunge kimyakimya niende mkutanoni kifua mbele, au nimwambie nipoteze jina? Nywila ni jina la karakana, ila nimeliandika kwa herufi kubwa.

Bosi wa Mawingu

JIBU

Bosi wa Mawingu, sentensi yako ya mwisho ndiyo ungeanza nayo. Herufi kubwa, mwanangu? Hata kibao cha mlangoni kwenu kimeandikwa hivyo.

Nikupe haki yako kwanza: wazo lilikuwa zuri na majedwali umeyapanga vizuri. Ulipoteleza ni kudhani kwamba ukishakodi, kampuni inalinda kila kitu. Inatunza mashine. Nani aingie na nani abaki nje, hilo ni lako, na wewe uliliachia kwa sababu ulichoshwa na simu za Sentimita.

Sasa acha kusoma, badilisha nywila, weka ndefu isiyo na maana yoyote. Kisha ondoa ruhusa ya dunia nzima. Tawini wawekee njia ya siri ya mtandao, ile iitwayo VPN, itakayompa Sentimita anwani moja hata azime simu mara ngapi. Kila fundi awe na jina lake na nywila yake, asome vipimo na kuongeza, kufuta hapana. Ile ya mkuu ibaki kwako, na usimgawie mtu hata akikupigia analia.

Ukimaliza, rudi kwenye zile kumbukumbu. Umenieleza habari za waliokataliwa. Waliokubaliwa je? Pitia kila aliyeingia mpaka ujue ni nani, na kama humjui usijifanye unamjua. Chukua pia nakala moja ya akiba uifungue pembeni, uone kama kweli inafunguka.

Halafu nenda kwa shangazi yako kabla ya mkutano. Usinibishie. Mwanamke aliyevua koti akasimama mbele ya tepu hakukuamini wewe, hata hakujui, alimwamini shangazi yako. Kama kuna mgeni aliyeviona vipimo vyake, shangazi ndiye wa kumwambia, na hawezi kusema asilolijua. Mwambie hivi: "Shangazi, niliacha mlango wazi, nimeufunga, na nimeangalia walioingia." Usianze na simu za Sentimita. Atakufokea, pengine mbele ya mafundi. Kaa, sikiliza, usichezee simu.

Akishatulia, muulize kama bado anataka kukupeleka mkutanoni. Akikubali, nenda na uwaeleze wenzake kosa hilohilo, litawafaa kuliko sifa zako. Akikataa, shika njia ya tawini, kuna mafundi wanasubiri nywila zao.