Nukta Tatu za Oktoba

Jumanne, 5 Novemba 1968

Meli imeleta barua ya Bi Melania, mtafiti mwenzetu wa Kasanga, kusini kabisa mwa ziwa. Ndani mna vipimo vyake vyote vya miezi mitatu, hata vile alivyoandikia pembeni "sina hakika". Hilo ndilo sharti lake na Dakta Oswald, mtafiti mkuu ninayemsaidia hapa Kigoma: kila mmoja ampelekee mwenzake kila kitu, kizuri na kibovu. Daktari ananung'unika tangu aisome kwamba kipimajoto cha huko kimeharibika. Hapa Kigoma, mita sitini chini, maji yanapoa. Kule, kina hicho hicho, yanapata joto. Ziwa moja! Kaniambia nichore mistari yote miwili kwenye karatasi moja.

Jumatano, 6 Novemba

Sijui nianzie wapi. Wetu ukishuka, wake unapanda. Wake ukishuka, wetu unapanda. Wiki baada ya wiki!

Daktari aliutazama mchoro, akavua miwani, akakaa. Akasema hakuna kipimajoto kibovu – maji baridi ya chini yanayumba kutoka Kigoma mpaka Kasanga na kurudi, kama maji kwenye karai ukilibeba. Na juu shwari. Nimezaliwa Ujiji, nimeoga humu miaka ishirini na sita, sikujua. Daktari peke yake asingeona. Bi Melania peke yake asingeona. Mwili ulinisisimka.

Ila kuna mahali mistari haielewani. Nukta tatu – tarehe 8, 11 na 15 Oktoba. Za kwetu zimelala bapa.

Nazijua hizo nukta. Nilizitunga mimi. Nilikuwa Kalinzi, kuposa kwa kina Leonia, na sikuomba ruhusa. Niliporudi nikaandika tena kipimo cha wiki iliyotangulia. Nikajisemea, siku nane tu, ziwa litabadilika nini?

Alhamisi, 7 Novemba

Daktari kamwandikia Bi Melania akikague kipimajoto chake kwa zile siku tatu. Kwa upole, lakini kamwandikia. Na barua nimeipeleka melini mimi mwenyewe. Mwoga mkubwa.

Mzee Assani, nahodha wa boti yetu, alinikuta gatini. Nikamwamkia. Akasema Daktari kamwuliza kama tarehe nane kulikuwa na mawimbi.

"Nimemwambia sikumbuki," akasema. "Lakini nakumbuka, bwana mdogo. Nilikuwa naziba boti. Hatukwenda."

Akaendelea kukunja kamba.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani sikusikia hata neno. Nimeuchora tena ule mchoro humu daftarini, kwa ajili yangu tu. Unapendeza mpaka unanitia hofu.

Ijumaa, 22 Novemba

Jibu limefika. Daktari kalisoma kwa sauti.

Bi Melania kafunga kipimajoto chake pamoja na cha akiba, kavizamisha mara kumi na mbili. Vyote viwili vikasema namba ile ile. Nikadhani sasa atatugeuzia kibao. Wala. Kaandika: "Nyinyi mko wawili, mnakaguana kazi. Mimi niko peke yangu, huenda kamba ilipinda siku zile, kipimajoto kisifike kina. Naziamini namba zenu. Futeni zangu."

Mtu hajapata kuniona hata siku moja! Kahakiki mara kumi na mbili vipimo vyake vya kweli, halafu kavitoa kwa sababu ya uongo wangu.

Daktari kasema mwenzake kama huyo hapatikani mara mbili. Kanipa raba: futa zake tatu, mchoro uende Dar es Salaam na posta ya leo. Kisha katoka kutafuta bahasha kubwa.

Nimefuta tatu.

Zetu. Mstari wa Kasanga haujaguswa. Wa Kigoma una pengo jeupe, na karatasi imechakaa pale nilipoisugua. Hata kipofu ataliona.

Viatu vya Daktari hivyo, vinarudi kwenye veranda. Anapiga mluzi.