Hadithi Yangu Iliyotushusha Mlimani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako nikiwa mgonjwa lakini bado na pumzi, maana kwa miaka sita nimeficha kwamba ile hadithi ya “Kijiji cha Kesho”, iliyotoka gazetini bila jina, niliiandika mimi. Nilikuwa mwalimu mstaafu mlimani juu ya Mboko, nikabuni nchi ya kutisha ambamo watu wote wamehamishiwa kando ya barabara, nyumba zina namba, na mtu akitaka kumsalimu mama yake anaomba karatasi ya ruhusa, na karatasi nyingine ya kuku wa kumpelekea, nikidhani wasomaji wataogopa, kumbe aliyeipenda kuliko wote ni bwana mkubwa wa serikali, Mzungu, na mwaka uliofuata malori yakaja kutushusha. Sasa naishi namba 37. Jirani yangu Dorothée ananiletea bukari, yaani ugali, kila siku, na kila siku analaani: “Ule aliandika ile mambo, akuwe muzungu ao shetani, akufe bila muntu wa kumubeba!” Mimi naitika, “Amina, mama,” kisha nakula. Wanawe ndio watakaonibeba hadi kaburi la mke wangu mlimani. Nikisema, nani atanibeba?

Mzee wa Namba 37


JIBU

Mzee wangu, pole kwa ugonjwa, lakini kwa ile “Amina” sikupi pole. Unaitikia laana yako mwenyewe huku unatafuna! Usijivune pia: wenye malori hawangojei hadithi. Mwite Dorothée leo, kabla ya chakula, si baada yake, umwambie mbele ya wanawe. Wakikataa, utalala kando ya barabara kama ulivyowapangia wenzako. Na unijibu hili: mabwana hao wanajua Kiswahili cha kuamuru, si cha kusoma hadithi. Nani alimsomea huyo bwana mkubwa?


MZEE AMEANDIKA TENA

Mshauri, nimemwambia. Dorothée alicheka mpaka akaketi chini. “Mi nilijua zamani, papa! Muzungu gani anajua kama tunapelekeaka mama kuku? Nilikuwa nalaani kwa nguvu juu we mwenyewe useme. Kula. Batoto batakubeba.”

Nikala. Swali lako na jibu lake sikumwambia. Atayasikia gazeti likisomwa. Hakuna aliyemsomea yule bwana. Niliitafsiri mwenyewe kwa Kifaransa, kurasa nne za mwandiko mzuri, nikampelekea kwa miguu, kwa sababu nilitaka mtu mwenye shule aniambie kwamba najua kuandika.