Mzigo wa Bi Amna

Jumatatu, 3 Machi 2025

Faili la Ubeid limerudi mezani kwangu. Mkopo chechefu – siku tisini bila rejesho. Meneja Bryson kasema keshokutwa dalali anaenda dukani kwake, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kukamata mzigo. Mimi nijaze fomu ya sababu. Nimejaza: dola ilipanda, kontena lilichelewa, wateja walikopa wakapotea. Yote kweli. Iliyobaki haina kisanduku.

Iliyobaki ni hii. Mwaka juzi nilipoenda kuhakiki duka, lilikuwa limejaa madera mpaka darini. Jana yake nilipita, tupu! Kariakoo wanaazimana mzigo siku ya mtu wa benki, kama watu wanavyoazimana viti vya msiba. Nilimuuliza jirani yake, Bi Amna. Hakunificha. Akasema ni yangu hayo, mwanangu, jioni nayarudisha dukani kwangu. Nikacheka naye. Nilibakiza mkopo mmoja kufikisha lengo la robo mwaka. Nikapiga picha, nikasaini.

Jumatano, 5 Machi

Mwandiko mbaya, basi.

Dalali alikuja na watu wanne. Kufuli wakalikata kwa grenda. Ubeid hakuwepo. Ndani kumejaa – mzigo wa Idi wa Bi Amna! Ubeid siku hizi hana mtaji, anauza mali ya mama huyo kwa kamisheni. Bi Amna akaja mbio, saumu kinywani, risiti mkononi, anasema mali ni yake. Dalali akamwonyesha picha zangu za mwaka juzi. Benki imeshahakiki, mama, kaa pembeni. Akamsukuma. Mama akaangukia ngazi, mdomo ukapasuka. Ndipo akapiga kelele ya mwizi.

Neno hilo likishatoka Kariakoo, halirudi. Wabeba mizigo, mawinga wanaovuta wateja, wauza maji, wote wakaja. Waling'oa vyuma vya kutundikia nguo. Dalali alikimbia. Mtu wake mmoja, Lucky, alikuwa na robota la madera kichwani, hakuwahi kukimbia. Walimvunja magoti kwanza. Halafu kichwa. Niliusikia mlio. Alikuwa anataja jina la mtoto wake, wao wanapiga. Mmoja alimpanda kifuani kwa buti akaruka, akaruka tena. Damu imeingia kwenye madera mpaka huwezi kujua rangi yake.

Mimi nilikuwa ndani ya gari la benki, mbele ya duka, milango nimeifunga. Ningeshuka mwanzoni nimwambie dalali mzigo si wa Ubeid, yangeisha. Sikushuka. Mwoga mkubwa mimi!

Alhamisi, 6 Machi

Lucky amefariki alfajiri. Bi Amna yuko mahabusu. Polisi wanasema kelele yake ndiyo iliyoua, na kama mzigo haukuwa wake, aliita mwizi kwa uongo, amekwisha.

Bryson kafunga mlango wa ofisi. Anataka niandike kwamba mzigo niliuhakiki mwenyewe na ni wa Ubeid. Nikiandika vingine tunafukuzwa wote, na jela ni yangu. Nimeandika. Kisha nimeitia ripoti kwenye bahasha.

Ijumaa, 7 Machi

Ubeid kapiga kwa namba ngeni, amejificha. Dada Stella, sema tu unachokijua. Nikamtukana – wewe ndiye uliyeanza uongo! Akasema kweli, nilianza, lakini wewe ulisaini kwa hiari yako. Nimeitupa simu ukutani. Kioo chote kimepasuka.

Jumamosi, 8 Machi

Kituoni. Benchi. Nasubiri kutoa maelezo, bahasha ya ripoti mapajani. Mlango wa ndani uko wazi kidogo, namsikia Bi Amna. Sauti imekauka. Anawaambia askari wamuulize yule binti wa picha, yule anajua mzigo ni wa nani, hata kicheko tulicheka pamoja.

Pembeni yangu kakaa mke wa Lucky. Kanga mbili, macho yamevimba, amekuja kuchukua karatasi ya kumzikia mumewe. Aliniuliza kama na mimi nimekuja kwa mambo ya Mtaa wa Kongo. Nikaitikia. Akasogea, akanishika mkono.

"Pole, dada. Na wewe wamekuulia nani?"

Nimeshika kalamu nijifanye nina kazi.

Askari katokea mlangoni. Anaita, Stella wa benki yuko wapi. Mkono wangu wa kushoto mke wa Lucky bado ameushika. Amesikia neno benki, sasa ananitazama usoni.